Gari na Vilivyomo

Mjini Unguja, mwaka wa sabini na moja, gari ilikuwa haifichiki. Magari ya watu binafsi yalikuwa machache, na mtu akibadilisha hata kioo cha pembeni, barazani ilijulikana kabla hajazima moto. Kwa hiyo Jumamosi ile Muhiddin alipotoka kwenda Malindi kuitazama gari nyekundu ya Mzee Abrahman, jirani zake wa Mkunazini walikuwa wameshamnunulia, wameshamlaumu kwa kuinunua, na wameshagombana nani atapakiwa mbele.

Muhiddin alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Kichochoro cha duka lake hakikupisha hata baiskeli mbili, seuze gari, basi viti ndivyo vilivyomfuata yeye. Wenyewe walivifungua, vikaletwa vichwani na wachukuzi, akavipasua, akavijaza usumba wa makumbi au sufi, akavishona upya kwa shazia, ile sindano nene, na uzi wa nta. Aliyajua magari yote ya mji kwa makalio ya wenyewe: nani kanenepa, nani hukaa upande mmoja kwa ugonjwa, nani humpakia mtu asiyetaka ajulikane. Yeye mwenyewe hakuwa na cha kukalia ila kigoda.

Haja yake ya gari haikuwa ya kuringia, ingawa na kuringia kulikuwamo; tusimsafishe kupita kiasi. Mwaka juzi mkewe, Mashavu, alikwenda kwao Chwaka kujifungua, maana uzazi wa kwanza ni kwa mama, na hilo hakuna mume wa kulipinga. Uchungu ukamshika gari ya shamba, ile ya abiria wa kwenda mjini, imeshaondoka. Wakangoja ya kesho yake. Mtoto hakuingoja. Muhiddin alipofika alioneshwa kaburi dogo nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo kila akiisikia honi ya gari ya shamba alikuwa akiingiwa na hasira ambayo hakujua aipeleke wapi.

Sasa Mashavu alikuwa mjamzito tena. Mama yake, Bi Tabia, alisema mimba ile haikuacha mtoto, basi hii ndiyo ya kwanza, na binti yake atazaa kwake. Akamchukua. Muhiddin hakubishana na mkwewe. Ila aliapa kuwa safari hii uhai wa mkewe na mwanawe hautakuwa mikononi mwa utingo.

Gari ilikuwa imeegeshwa kivulini, kwenye ukuta wa ghala. Ilikuwa ndogo, imeinama mbele kama paka anayevizia. Ilikuwa na milango miwili ya ubavuni, na wa tatu nyuma, unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, mtu akaona ndani mpaka kwenye usukani. Mkono wa gia ulikuwa mfupi, umesimama sakafuni, kichwa chake kimeng'arishwa na viganja vya watu. Muhiddin alijifunza udereva kwenye lori la karafuu, ambako kubadilisha gia kulikuwa ni kupigana. Humu alikanyaga klachi, akatia ya kwanza, ikaingia bila ubishi. Alikwenda mpaka Bububu na kurudi, ya pili, ya tatu, ya nne, tena ya tatu kwenye kona, akicheka peke yake. Aliporudi Malindi alikuwa keshaioa gari ile.

Jambo moja lilimchekesha. Kiti cha nyuma kilikuwa kinene mno. Fundi mvivu, akawaza, kashona kitambaa kipya juu ya kikuukuu. Akajiambia atakirekebisha mwenyewe.

"Mbona unaiuza rahisi hivi, mzee?" akauliza.

"Nahamia Dar es Salaam kwa mwanangu," Mzee Abrahman alijibu. "Gari haitiwi mfukoni."

Alikuwa mzee nadhifu, kanzu imepigwa pasi, lakini muda wote hakuisogelea gari yake. Alisimama mbali nayo kama mtu anayechelea rangi mbichi. Alipokwisha kupokea fedha akataka jambo moja tu: wauziane kwa maneno, mkono kwa mkono, mbele ya shahidi, kama walivyokuwa wakifanya watu wa zamani. Shahidi akawa Simai, rafiki yake Muhiddin, ambaye alikuwa amekuja kwa tamaa ya kupakiwa.

"Nimekuuzia gari hii na vilivyomo," alisema mzee, kaushika mkono wa Muhiddin.

"Nimekubali kuinunua."

"Na vilivyomo."

Muhiddin akachungulia ndani. Mlikuwa na jeki, spana mbili na kitambaa cha kufutia kioo.

"Na vilivyomo, mzee. Nimekubali."

Mzee Abrahman aliuachia mkono, akaupangusa kwenye kanzu yake, akaingia ndani. Wakamsikia akitia komeo, mchana ule mweupe.

Jumapili Muhiddin alikwenda Chwaka kumwonesha mkewe. Mpaka Mwera gari iliruka. Akapita Dunga, akiwapungia mkono watu asiowajua. Baada ya Dunga minazi na miembe huisha, na nchi huwa uwanda: mawe makali, vichaka vifupi, hapana kivuli cha kumtosha hata kuku. Jua lilikuwa la utosini. Wazee wa Unguja husema saa ile si ya watu, na Muhiddin, mtoto wa mjini, alikuwa akiwacheka wazee.

Alikuwa katika gia ya nne, barabara tambarare. Gari ikawa nzito.

Haikukohoa. Haikutaka kuzima. Iliinama nyuma tu, kama inavyoinama mtu mzima akipanda. Akashuka gia ya tatu, injini ikalalamika. Akatia ya pili. Na pale alipokanyaga klachi, injini ikanyamaza kidogo, akasikia nyuma ya sikio lake sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyechoka.

"Tumefika?"

Aligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Akashika njia. Mikono ilimtoka jasho hata kichwa cha gia kikateleza. Kila alipobadilisha gia, katika kile kipande kidogo cha ukimya, sauti iliuliza lile lile. Haikugomba wala haikulia. Iliuliza kwa adabu, kama abiria mgeni asiyeijua njia, na Muhiddin alitamani ingepiga kelele.

Alipoziona paa za Chwaka, ikakoma. Alisimama nje kwa Bi Tabia, akashuka, akatia mkono nyuma na kukigusa kiti. Kilikuwa na joto. Gari nzima imepigwa na jua, alijiambia, vipi kiti kisiwe na joto? Lakini upande wa kulia kilikuwa cha kawaida. Joto lilikuwa upande wa kushoto peke yake, na lilikuwa joto la mtu.

Mashavu akatoka uani, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Gari ya nani hiyo?"

"Yako."

Alicheka mpaka akashika mlango. Akataka kuingia, akaketi nyuma, apelekwe pwani na kurudishwa ili wenziwe wamwone.

"Usiipande leo," Muhiddin akamwambia. "Breki zake zataka kutazamwa."

Hakupata kumdanganya mkewe kabla ya siku hiyo, na uongo ule ulimtoka wenyewe.

Jumatatu alikifungua kiti cha nyuma, akakibeba kichwani mpaka dukani, akakilaza juu ya meza. Akakata uzi wa kitambaa cha juu, cha kijivu. Chini yake palikuwa na cha buluu. Chini ya cha buluu, cha mistari. Chini ya hicho, cheusi. Kila kimoja kilishonwa na fundi wake, kwa uzi wake, na hapana hata mmoja aliyekivua kitambaa cha mwenzake. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuvua kikuukuu. Hilo hulijua hata anayejifunza. Hawa wote walianza kukata, wakaona kitu, wakaacha, wakafunika. Na mishono yao ilikuwa mipana na ovyo, mishono ya watu wanaotaka kuondoka.

Muhiddin hakuacha. Laiti angeacha.

Chini kabisa palikuwa na ngozi nyekundu iliyotoka na gari kiwandani. Juu yake, upande wa kushoto, palikuwa na kanga iliyokunjwa ikunjwavyo ya uzazi, imeganda, imekuwa ngumu kama gome. Akaibandua. Ngozi ilikuwa imepasuka, na ndani ya mpasuko usumba ulikuwa umeloa. Akaugusa, na vidole vyake vikarudi na damu mbichi.

Alitoka mbio, mlango akauacha wazi.

Kwa Mzee Abrahman alibisha mpaka mkono ukamuuma. Mlango ulifunguka kidogo, jicho moja likamtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilijua utakuja."

"Nani yule?"

Mzee alitazama nyuma yake kwanza, kisha akanong'ona. "Mwenye gari wa kwanza alikuwa kijana wa hapa mjini. Keshahama visiwa hivi zamani. Siku moja alikuwa anatoka Chwaka, wakamwomba ampakie mwanamke, uchungu umemshika, amuwahishe hospitali. Mumewe angefuata kwa baiskeli. Akampakia. Kabla ya kufika Dunga akageuka nyuma, akaona kiti chake kinaharibika. Gari mpya. Akamwambia yule mwanamke ashuke, akate majani ya kutandika. Alipokwisha kushuka, akatia gia."

"Akamwacha?"

"Jua la utosi. Mumewe ndiye aliyemkuta, keshakufa. Yeye na kilichokuwa tumboni."

Muhiddin alimhurumia yule mwanamke, na huruma ile ilimuuma kuliko hofu.

"Lakini anauliza tu," akasema mwisho. "Mbona umeiuza?"

Jicho lile likafumba. "Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimpakia tutoke Chwaka. Alikaa pale pale. Alipanda na tumbo lake, Muhiddin, na akashuka hana. Hakuumwa. Hakutoka damu. Daktari akasema hajapata kuwa na mimba. Na mimi, babaake, nilikuwa nshaliona lile tumbo linacheza."

"Ichukue gari yako. Fedha sizitaki."

"Tulishikana mikono."

Mlango ukafungwa.

Muhiddin aliiacha gari kwenye ukuta wa ghala kule Malindi, alikokuwa akiiegesha, akaapa hatoitia tena ufunguo. Mashavu alikuwa na wiki kadhaa mbele yake. Kungepatikana gari nyingine, Simai angeulizia. Alimweleza mama yake, Bi Mwanakheri, na bibi yule akamwambia awe anasoma dua kila akipita pale na kiti kile akitie moto. Lakini kila alipotia mkono kukibeba, kikawa kizito kama kimekaliwa. Akakiacha mezani, akawa anashonea nje.

Alhamisi asubuhi lori la kuni, limejaa pomoni, lilimshusha Duni, kaka yake Mashavu, mwanzo wa kichochoro. Alikuja akikimbia, hata salamu hakutoa.

"Uchungu umemshika tangu alfajiri. Haujafika wakati wake. Bi Time amempapasa, anasema mtoto kakaa mshazari, yeye yake yamekwisha. Anasema hospitali, shemegi. Anasema leo hii."

Bi Time alikuwa mkunga aliyezalisha nusu ya Chwaka, na hakuwa mtu wa kusema hospitali. Gari ya shamba ilikuwa imeshafika mjini na haingerudi mpaka alasiri. Simai alikimbilia Darajani kutafuta teksi. Petroli ilikuwa shida wiki ile, akarudi na mikono mitupu. Muhiddin alisimama katikati ya kichochoro. Akaliona lile kaburi dogo nyuma ya nyumba. Akaona la pili pembeni yake, na la tatu, refu.

Akachukua ufunguo.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimelala mezani dukani, kimepasuliwa. Na abaki nacho, akawaza. Alitandika godoro la sufi kutoka nyuma ya viti vya mbele mpaka kwenye mlango wa nyuma, akamtia Duni ubavuni, akaondoka. Hakuendesha, alikimbiza. Alishuka gia kwenye kona bila kugusa breki, akapandisha kabla kona haijaisha, na gari ikamtii. Wakapita Mwera. Wakapita Dunga. Uwandani jua lilikuwa linapanda, na gari ikabaki nyepesi, na wakati wa klachi hapakuwa na sauti. Muhiddin alitokwa na machozi ya furaha mbele ya shemeji yake. Kumbe kilikuwa kiti tu.

Chwaka waliufungua mlango wa nyuma, wakamwingiza Mashavu kwa ule upande, akiwa amelala juu ya godoro. Uso wake ulikuwa wa majivu. Bi Time alipiga magoti kwenye kiti cha mbele, kageukia nyuma, mkono wake mmoja juu ya tumbo. Duni akabaki na mama yake. Bi Tabia alikuwa anasoma, midomo inakwenda.

Wakaondoka. Jua likafika utosini wakiwa uwandani.

"Muhiddin," Mashavu akaita, kwa sauti ya chini.

"Naam."

"Mwambie huyu asogee. Ananibana."

Bi Time alitazama godoro. Mashavu alikuwa peke yake juu yake.

"Nani, mwanangu?" akanong'ona.

"Huyu nliyelala naye."

Gari ikainama nyuma.

Ya nne haikuweza. Ya tatu haikuweza. Muhiddin akakanyaga klachi kutia ya pili, na katika ukimya ule sauti ikauliza.

"Tumefika?"

"Bado," Mashavu akajibu, kama anayemjibu mtu wa kitandani mwake. "Bado, mwenzangu."

Ya pili haikuweza. Gari ikawa inakwenda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, injini inalia, vichaka vinapita kimoja kimoja. Mkono wa Bi Time ulikuwa juu ya tumbo. Uliganda. Ukapapasa. Ukaganda tena.

"Muhiddin." Ilikuwa pumzi, haikuwa sauti. "Tumbo linalala, linapungua."

Injini ikazima.

Hakugeuka. Alijua akigeuka ataona, na akiona hataweza kusema. Alikamata usukani kwa mikono miwili, akasema mbele yake, kwenye kioo.

"Bibi, mimi siye yule. Sitakushusha njiani. Nitakufikisha mpaka mlangoni, wallahi. Niachie mwanangu."

Chuma kinalia kwa joto.

Sasa, waungwana wa Unguja wana adabu yao. Mtu akikusifia mtoto, humwambii huyu wangu. Humwambia, mwanao huyo. Ukimwombea mtoto msamaha kwa jirani aliyevunjiwa mtungi, humwambia, msamehe, mwanao. Ni neno la kulainisha moyo, kila mtu hulisema, na halijapata kumgharimu mtu kitu.

"Mwanao pia, bibi," Muhiddin akasema. "Mwanao huyo. Mwache azaliwe."

Nyuma palisikika pumzi, ndefu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Gari ikainuka kidogo.

"Kacheza," Bi Time akasema. Halafu akamgeukia Muhiddin, macho yamemtoka. "Umesema nini, baba?"

Muhiddin alipiga moto, akatia ya kwanza, ikashika. Ya pili ikashika. Ya nne wakaingia nayo Dunga.

Hospitalini wauguzi walimtoa Mashavu kwa mlango wa nyuma, Bi Time akawafuata. Muhiddin akabaki kausimamisha ule mlango kwa mkono, mbele ya watu waliokuwa wanapita na vikapu vya chakula cha wagonjwa. Aliona haya. Lakini alikuwa ameahidi.

"Tumefika, bibi," akanong'ona. "Karibu."

Spring za nyuma zikapanda. Hakuona mtu. Juu ya godoro palikuwa na mashimo mawili ya miili, moja la Mashavu, na moja pembeni yake lililokuwa linajaa polepole.

Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, na kelele zake zilisikika mpaka nje. Akaitwa Silima, jina la babu yake. Muhiddin hakuona haya tena. Alilia mlangoni mbele ya kila mtu. Na gari ikawa gari. Aliipeleka Chwaka kumpa habari Bi Tabia, makusudi kwa saa ile ile ya utosi, akapita uwandani na gia zake zote nne, na hakusikia ila injini. Dukani usumba wa kile kiti ulikuwa umekauka, umekuwa vumbi. Akavua vitambaa vyote, akakishona upya, vizuri, kama inavyopaswa. Alidhani ametenda wema na wema umemrudia. Kwa nini asidhani?

Mashavu alikaa arubaini Mkunazini, kwa mama mkwe. Silima akanona. Wanawake walikuja kumtazama, wakambana mapaja, wakasema mashaallah, mama yake ana maziwa kama mbuzi wa Makunduchi. Mashavu alikuwa anatabasamu na kutazama chini. Bi Mwanakheri alimpikia uji wa pilipili manga na supu ya pweza ili asipungukiwe, na Mashavu akavinywa vyote, na akazidi kukonda.

Siku moja mchana, adhuhuri haijaadhiniwa, alimwita mumewe chumbani.

"Funga mlango," akasema.

Alikuwa ameketi sakafuni, juu ya mkeka, mbali na kitanda. Mtoto alikuwa kitandani.

"Sina maziwa, Muhiddin."

"Yamekwisha lini?"

"Halijanitoka hata tone. Tangu nimezaa." Alikuwa ananong'ona, macho hayatoki kitandani. "Najifunika kanga nikajifanya namnyonyesha, mama asijue. Nimempa maziwa ya ng'ombe, anatapika. Ya kopo anatapika."

Muhiddin alicheka kidogo, kicheko cha kuomba iwe mzaha. "Na huyu bonge anakula nini?"

"Tazama."

Silima aliamka. Hakulia. Aligeuza kichwa upande wa ukutani, mbali na mama yake, akafungua mdomo. Godoro likazama pale ukutani, polepole, kama mtu anavyojilaza asimwamshe mtoto. Mashavu akamshika Muhiddin mkono. Kisha wakasikia, wote wawili, mtoto akimeza. Alimeza tena. Mkono wake mdogo ulikuwa umeinuka, vidole vimekamata kitu, vinakiminya na kukiachia, kama watoto wanavyofanya.

Muhiddin alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. Aliufungua, akamwita mama yake. Bi Mwanakheri alikuja, akasimama kizingitini, akaona. Hakupiga kelele, alikuwa mtu mzima. Alirudi jikoni, akaja na chetezo, makaa yamewaka, ubani unatoka moshi.

"Nini ulimwambia, Muhiddin?"

Akamwambia.

Bi Mwanakheri alifumba macho. "Umempa kwa ulimi wako, na yeye kapokea kwa ziwa lake. Mtoto akishashiba mara tano kwa mwanamke, yule ni mama yake. Si mimi niliyesema, sheria ndivyo ilivyo." Akamgeukia mkwewe. "Ameshiba mara ngapi?"

Mashavu alitazama mkeka.

"Basi n'tamtoa sasa hivi, kabla hajataka kwenda naye. Nipisheni. Muhiddin, nenda kamwite sheikh."

Bi Mwanakheri aliinua chetezo, akapiga hatua. Mashavu akasimama. Alikuwa mwanamke ambaye hata sauti hajapata kumpandishia mama mkwe. Akasimama kati ya moshi na kitanda, akatandaza mikono.

"Msimfukuze, mama," akasema. "Akiondoka, mwanangu atakula nini?"

Muhiddin alikuwa keshatoka nusu mlango, akasimama hapo hapo, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Bi Mwanakheri alimtazama mjukuu wake, mashavu yake, mikunjo ya mikono yake iliyojaa. Moshi ulikuwa unampanda usoni na machozi yanamtoka, na hakuna aliyejua ni ya nini. Mwisho alikigeuza chetezo, akayazima makaa kwenye bakuli la maji, akatoka.

Silima alishiba. Akaachia, akageuka chali, akalala. Godoro likainuka. Mashavu akaenda, akamwinua, akamweka begani na kumpigapiga mgongo mpaka akacheua. Alikuwa anatazama pale patupu ukutani.

"Ahsante," akasema.

Muhiddin alilisogelea shuka. Upande wa ukutani, juu kidogo ya pale kilipokuwa kichwa cha mtoto, palikuwa na unyevu, mviringo, mweupe pembezoni. Akaweka kidole. Yalikuwa maziwa, na bado yana joto.